"Huyo wa Nyuma Hanyongi!": kelele tunazopigiwa kwenye baiskeli ya watu wawili

Jamani, nanyonga. Naanza na hilo maana kuna watu kwenye vijiwe vyote vya bodaboda kuanzia Morocco mpaka Tegeta hapa Dar wanaoamini kabisa kwamba mke wangu huko mbele anahangaika peke yake na mi huku nyuma nimekaa nakula upepo. "Dada, huyo wa nyuma hanyongi!" Hiyo tunapigiwa kila tukitoka, na kila anayeisema anaisema kwa raha ya mtu anayejua ni yake, kaitunga yeye sasa hivi, halafu anawageukia wenzake wacheke, na wanacheka kweli.

Sasa nieleze kitu kidogo cha kifundi af tuendelee. Kwenye tandemu nyingi, yaani hizi baiskeli za watu wawili, ya kwetu ikiwemo, pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa cheni ya pembeni, iko upande wa kushoto, kwa hiyo miguu ya dereva ikizunguka na yangu inazunguka nitake nisitake. Hata nikisinzia itazunguka tu. Akiacha kunyonga yeye na mi nimeacha. Kwa hiyo anayesema sinyongi anabishana na macho yake mwenyewe, miguu anaiona ile pale inazunguka. Ila, na hapa ndo pagumu, kama natia nguvu au miguu inasindikiza tu msafara, hilo hakuna mtu wa barabarani anayeweza kulijua, analijua dereva peke yake maana yeye ndo anausikia uzito kwenye pedeli. Na mama watoto akiulizwa "eti kweli ananyonga?" anajibu "uchunguzi unaendelea". Miaka imepita, watoto wamekua, uchunguzi unaendelea.

Niko nyuma kwa sababu ya macho. Nina presha ya macho, ule ugonjwa unaokula mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, unaanzia pembeni pembeni wala hausemi, na kilicholiwa hakirudi, yale matone ya kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Mi kilichobaki ni cha katikati, naona kama nachungulia kwenye bomba. Sasa mtu wa kuchungulia kwenye bomba umpe baiskeli yake peke yake Barabara ya Bagamoyo, pembeni kuna bajaji, pembeni kuna bodaboda anayekuja upande wako, si utakuwa unamtafutia ndugu zake michango tu. Mama watoto ni Mnyamwezi wa Tabora, kule mtoto anajua baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu, akaniambia we kaa nyuma mi nitaona kwa niaba ya familia.

Baiskeli yenyewe tuliipata kwa jamaa anayeshusha kontena za mitumba, ilitoka Uholanzi, ilikuwa imeegeshwa nyuma ya stoo na imeota vumbi. Jamaa alisema wateja wanaipenda lakini wote wana swali moja: inaweza kukatwa ikatoka moja? Fundi wetu wa Sinza alipoiona mara ya kwanza aliizunguka yote, akachuchumaa, akahesabu cheni, akasimama, akasema "hii nitachaji ya baiskeli moja na nusu, hiyo nusu ni ya mshtuko".

Basi. Kwa kuwa pembeni sioni, mitaa mi naijua kwa kelele tunazopigiwa. Sihitaji kuambiwa tumefika wapi. Nikisikia "Posta, Posta, nafasi moja ya kusimama!" halafu kicheko kizima cha abiria dirishani, hapo tuko Mwenge, konda katushangilia. Makonda ndo mafundi wa hii kazi, nasema bila kupepesa (naweza kupepesa, haisaidii). Wengine wanakuona baiskeli, konda anakuona daladala mwenzie. "Dereva, konda wako kalala!" "Konda, dai nauli ya huyo wa mbele!" Siku moja kwenye foleni kuna mmoja alining'inia mlangoni, akagonga keria yetu mara mbili, ile pa pa ya kuruhusu gari iondoke, na mama watoto kwa kuzoea daladala aliondoka kweli.

Bodaboda wao ni watu wa dharura. Maswali yao yote ni ya ajali: mkipata pancha nani anasukuma, mkigombana nani anashuka, breki ikikatika nani anaruka wa kwanza. Wanauliza wakiwa wamelala juu ya pikipiki zao, mguu mmoja kwenye tenki, na wanataka jibu. La kugombana tunalo, tunalijua kwa vitendo: hashuki mtu, mnanyonga kimya kimya mpaka nyumbani, na hamna hata wa kuongeza spidi kwa hasira maana cheni ni moja.

Muuza madafu ndo nampenda kuliko wote. Huyu na yeye yuko juu ya baiskeli, kapakia madafu mpaka baiskeli haionekani, tulisimama naye kwenye taa za Sayansi. Wengine wanacheka, yeye hakucheka, aliikagua fremu kwa macho ya kazi, akamuuliza mama watoto kwa heshima kabisa, "Dada samahani, huyo ukimshusha hapo unapakia madafu mangapi?" Mama watoto akamwambia hajawahi kupima. Jamaa akanitazama juu mpaka chini, akawa anahesabu chini chini, mi nimekaa pale napimwa kwa madafu, taa ikawaka kijani kabla hajanipa jibu. Mpaka leo sijui thamani yangu.

Watoto wao wanakwenda na wakati. Zamani tulikuwa "Mwendokasi hiyooo!" kwa ajili ya yale mabasi marefu yaliyoanza 2016, na kwa kweli tulistahili, urefu tunao na kona hatuiwezi. Toka treni ya umeme ianze safari za Morogoro mwezi wa sita 2024 tumepandishwa cheo, sa hivi ni "SGR! SGR!" kila kichochoro, na mi nimekuwa behewa rasmi. Kuna katoto Kawe kalikimbia pembeni yetu kwa umbali wa maana kabisa, pumzi zimekaishia, kumbe kalikuwa na swali moja tu, "behewa la chakula liko wapi?"

Halafu kuna suala la nani kakaa mbele. Hapa watu wazima wanaingia. Mwanaume nyuma mwanamke mbele, hilo kuna watu linawanyima usingizi. Mama mmoja wa genge pale Kijitonyama alituona asubuhi, mikono ina nyanya, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Limbwata hilooo! Mpaka kakubali kukaa nyuma!" Na shoga yake upande wa pili wa barabara, bila kupoteza sekunde: "Muulize anapouziwa!" Mama watoto akapunguza mwendo, akawaambia "nitawatumia namba", na naapa kuna mmoja aliuliza "lini?" kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. Mwingine, huyu ni wa Mikocheni, dada wa ofisini na miwani yake, alisimama akapiga makofi akasema leo ndo amemuona kwa macho yule mwanaume wa nyuma ya mafanikio ya mwanamke. Hiyo niliipenda, niliikalia kifua mbele mpaka Msasani.

Kuna kanuni nimeigundua. Urefu wa maneno unategemea spidi yetu. Tandemu kwenye tambarare inakimbia kuliko mnavyofikiri, injini ni mbili na upepo unaotupiga kifuani ni wa mtu mmoja, mi nimejificha mgongoni kwa mwenzangu, kwa hiyo hapo watu wanawahi sentensi moja fupi tu, hanyongi, basi tumepita. Mteremkoni ni uzito wa watu wawili unashuka, hapo tunaambulia vokali, "eeeh!", "ooooh!", na kuna bibi alitupa "wuuuu" ya msibani kabisa. Lakini mlimani jamani. Mlimani uzito uleule unakugeuka, tukiwa tunapanda kutoka Mwenge kuelekea Mlimani City mtu anayetembea kwa miguu anakwenda sawa na sisi, na anayekwenda sawa na wewe ana muda. Pale tumepewa ushauri wa ndoa, tumehubiriwa, tumeuliziwa bei, tumeambiwa habari za mjomba wa mtu aliyekuwa na baiskeli ya matairi matatu huko Kilosa. Na yote hayo unapewa huku unahema huwezi kujibu, wenyewe wanadhani unasikiliza kwa makini.

Waendesha baiskeli wa ukweli, wale wa nguo za kubana na helmeti za bei ya mahari, hawasemi kitu. Jumapili asubuhi wanakuwa wengi Daraja la Tanzanite, hilo lililofunguliwa 2022, wanapita wanasalimia kwa Kiingereza basi. Walichowahi kutuambia ni siku upepo uko nyuma yetu tukawapita kwenye tambarare, mmoja akalalamika kabisa, "hiyo siyo haki, nyie mko wawili". Sasa si ndo maana ya baiskeli yenyewe? Na trafiki mmoja alitusimamisha maeneo ya Salenda, akatuzunguka, akauliza nani dereva hapa. Mama watoto akanyoosha kidole. "Na huyu?" Akajibiwa "injini". Trafiki akasema injini ikaguliwe, inatoa jasho sana, akaturuhusu tupite.

Kigamboni tulikwenda na pantoni, na pale kwenye kukata tiketi kukazuka swali ambalo mi niliona ni la haki kabisa: hii tunaitoza kama baiskeli moja au mbili? Kijana wa tiketi hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kujua kweli. Hoja zikatoka kwenye foleni nyuma yetu. Mmoja anasema usukani unaofanya kazi ni mmoja kwa hiyo ni moja. Mwingine anasema hapana, hesabu siti. Mama mwenye beseni la samaki kichwani akasema hesabu matairi bwana wee tuvuke, samaki wangu wanaharibika. Matairi mawili, baiskeli moja, ikapita hiyo.

Nilivyomsimulia binamu yangu aliye Uingereza alicheka akaniambia hilo swali lina zaidi ya miaka 100. Wazungu wana wimbo wao wa 1892, "Daisy Bell", aliuandika Mwingereza anaitwa Harry Dacre, na ndani yake kijana anamuomba binti wafunge ndoa, gari la kukodi la harusi hana, ila binti atapendeza kwenye baiskeli ya watu wawili. Inasimuliwa kwamba Dacre alipofika Marekani na baiskeli yake wakamtoza ushuru, rafiki yake akamtania kwamba bahati yako hukuja na ya watu wawili, ungelipa mara mbili, na huo utani ukamkaa kichwani mpaka ukawa wimbo. Yaani utani wa pantoni kabisa, ila mwenzetu alitoka na wimbo, sisi tulitoka na tiketi. Binamu anasema huko ukipita na tandemu watu wanakuimbia huo wimbo, wazee hasa, na wasiojua kuimba wanakwambia nini? Huyo wa nyuma hanyongi. Neno kwa neno. Nilifarijika na nikaudhika kwa pamoja.

Mi nilijua basi ndo utani wa dunia nzima, tukienda popote ni huohuo. Mpaka tulipokwenda Tabora kwa wakwe.

Tuliipeleka kwa treni, ile ya zamani ya reli ya kati, ikalipiwa kama mzigo. Sasa Tabora, kwa wasiofika, na Shinyanga hivyohivyo, baiskeli ndo usafiri, na zile za kubeba abiria zinaitwa daladala, zina keria pana yenye godoro dogo na sehemu ya kuweka miguu, unakaa nyuma unapelekwa unakotaka unalipa unashuka. Kwa hiyo watu wawili kwenye baiskeli moja Tabora siyo habari, watatu siyo habari, mama na mtoto mgongoni na kuku mkononi siyo habari. Tulipotoka asubuhi ya kwanza mi nimejiandaa na majibu yangu ya Dar, nasubiri hanyongi. Sikuipata hata moja. Tunapita kijiwe cha kwanza nasikia ukimya, halafu mshangao wa kweli: "He! Abiria ananyonga!"

Yaani kilichowashinda ni kwamba NANYONGA. Mtu kakaa nyuma, siti ya heshima, siti ya kulipia, halafu anafanya kazi! "Baba umelipa nauli na unanyonga? Dai chenji!" Mwingine: "Shuka huko unaibiwa!" Bibi mmoja yuko juu ya daladala kakaa kiupande, khanga zake safi, kitenge kichwani, dereva wake akatupita taratibu, na bibi akanigeukia kwa huruma, "mwanangu njoo upande hizi, huku tunakaa tu". Na kwenye kituo cha madereva wa daladala pale karibu na soko ilikuwa kikao kizima, walimuita mama watoto pembeni wakamuuliza kwa Kinyamwezi na kwa usiriasi mkubwa hii biashara anaiendeshaje, abiria wanakubalije, na anawatoza bei ileile au anapunguza? Kijana mmoja akasema yeye abiria wake hata mlimani kushuka hawataki, leo umwambie nyonga?

Nimeufikiria sana huu utani wa Tabora na mi naona umeupita wa Dar na wa Uingereza. Kule kwa wenzetu mtu wa nyuma anashukiwa uvivu, kwa sababu kwao ukipanda baiskeli unategemewa ufanye kazi. Tabora mtu wa nyuma ana haki ya kukaa, anayemnyongesha ndo mwizi. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile baiskeli nilionewa huruma kwa kazi, na sikusahihisha mtu, nilikuwa nahema kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mama mkwe alisikia kote huko mjini wanavyosema, jioni akamuweka binti yake chini: "Mwanangu, mume wa watu ana macho mabovu af unamnyongesha?"

Macho sasa. Watu wakijua habari za macho kelele zinakufa, na hilo silipendi. Mtu katoka kucheka vizuri, mama watoto kamwambia "haoni vizuri huyu", basi sauti inabadilika, jamani pole, Mungu atasaidia, na mi nimekaa pale utani wangu umeporwa. Aliyeliweza hilo ni konda mmoja wa Tegeta. Alikuwa anatutania kwenye foleni, abiria wake mmoja akamtolea macho akamwambia acha, huyo kaka haoni vizuri. Konda wala hakutikisika: "Sasa siti ya dirishani ya nini? Si angekaa katikati?" Nilicheka mpaka baiskeli ikayumba, mama watoto akanigombeza.

Kenya kuna Douglas Sidialo, alipoteza macho yote mawili kwenye bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ileile iliyotutikisa na sisi Dar. Huyu bwana alikaa siti ya nyuma ya tandemu akaivuka Afrika, kutoka Cairo mpaka Cape Town. Kila mtu anapenda kuzungumzia ujasiri wake na ni kweli. Mi nikimfikiria nawaza vijiwe. Vijiwe vyote vya bara hili, lugha zote hizo, Kiarabu, Kiamhari, Kiswahili, Kichewa, na hakika kila mahali kulikuwa na mtu kaegemea ukuta anamwambia wa mbele kuhusu wa nyuma. Mkusanyiko wa namna hiyo hakuna mtu mwingine anao.

Mwisho niwape ya Bagamoyo. Ni kilomita 60 na kitu, tuliondoka alfajiri. Njiani ni "Tuta!" mwanzo mwisho, maana mama watoto akiona tuta lazima aniite ninyanyue makalio, la sivyo mgongo unalipa, na watoto wa Bunju walishaujua mchezo, wanatuitia "tutaaa!" mahali hamna tuta, na mi nanyanyuka. Tumefika Bagamoyo tumechoka, tukaegesha kwenye banda la chai, pana mzee wa Kizaramo kavaa kofia yake, anatuangalia. Akamsikia mama watoto anavyoongea, akamuuliza kabila. Mnyamwezi. Mzee akakaa sawasawa kwenye benchi, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wanatembea kutoka Unyanyembe, huko Tabora, mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani.

"Karibu mtani," akasema. "Miaka yote hii bado mnabeba tu? Mzigo shusha pale," akaonyesha upande wa Caravan Serai, pale misafara ilipokuwa inafikia.

Mama watoto akamwambia mababu zake walibeba pembe, ilikuwa na bei, sa hivi soko limeshuka anabeba Mzaramo. Banda zima likaangua kicheko, mi Mzaramo pekee nisiye na wa kunitetea, maana huyo mzee ndo alikuwa anacheka kuliko wote. Nikatoa hela nilipe chai angalau nirudishe heshima. Mzee akanishika mkono, "Hapana, mzigo haulipi. Analipa mwenye mzigo." Mama watoto akalipa chai zetu na vitumbua, na mzee akaagiza supu na chapati mbili kwenye bili hiyohiyo.